Maji Niliyomnyima Babu Yako

Tunduma, Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa Atupele,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana wetu. U hali gani, mama? Utasema mama yangu kachanganyikiwa, ananiuliza hali wakati asubuhi tumekula magimbi sahani moja. Lakini barua hii nimeificha kwenye mfuko wa shuka zako, na utakapoiona utakuwa umeshafika chuoni Dodoma, kwa hiyo nauliza hali yako ya huko. Umefika salama? Miguu haijavimba kwa kukaa kwenye basi? Wenzako wa chumbani ni watu wa kucheka nao? Sisi huku tu wazima. Presha yangu imetulia, Mungu ni mwema.

Wewe umeenda kuagana na kwaya. Nimekaa hapa mezani na karatasi nilizochomoa katikati ya daftari la akina mama wa kanisani, nao watanisamehe. Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku, ya nani umpigie simu ukikwama, nimeshayasema mpaka umechoka, sirudii. Hili ni jambo lingine. Mara tatu wiki hii nimefungua mdomo nikuambie, na mara tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Kwa simu ndiyo kabisa nisingeweza. Kalamu haikutazami usoni.

Ni habari ya Jumapili. Wazee wa kanisa walipokuja kukuombea hapa nyumbani, mchungaji alisema kila mtu aombe moyoni mwake, kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimepiga magoti karibu yako kabisa. Nikakusikia unasema, "Bwana, unisamehe kwa ajili ya babu. Nilimnyima maji. Nilikuwa mtoto, sikujua." Ulirudia maneno hayo. Halafu ukaomba Mungu akusaidie usimnyime tena mgonjwa yeyote.

Baada ya kusema amina niliinuka nikaenda kuwamiminia wageni chai, nikaimwaga juu ya meza. Mliona nyote. Mkadhani ni huzuni ya mtoto kuondoka.

Atu, wewe hukumnyima babu yako maji. Mimi ndiye niliyemnyima. Naliandika hapa mwanzo, ili hata kama utakasirika ukaikunja karatasi hii usiendelee, hilo uwe umeshalisoma. Ulikuwa na miaka tisa, na leo una ishirini. Miaka yote hiyo umebeba mzigo wangu, na mimi nimekuwa nikikutazama ukiubeba.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu yapo mengi hukuyajua.

Unajua mimi ni Mnyiha wa Iyula. Kwetu mke wa mwana anamheshimu baba mkwe, anapiga goti, anapita pembeni, yanaisha. Baba yako ni Mndali wa Ileje, na kwao, hasa kwa watu wa rika la babu yako, jambo hili lina uzito mwingine. Wanasema mke wa mwana "anamwogopa" mkwe. Hamtazamani usoni. Hamkai chumba kimoja. Jina lake hulitaji. Njia aliyopita yeye unasubiri kwanza. Kikombe hampokezani mkono kwa mkono. Unakiweka chini na kuondoka, au unamtuma mtoto. Wakati naolewa mama mkwe wangu alinikalisha siku nzima kunifundisha. Nilikuwa msichana niliyeishia darasa la saba, nilitaka sana nipendwe na watu wale, na nilishika kila neno. Nilishika kupita hata mabinti wa Kindali wenyewe.

Tulipokuwa tunaishi mbali na ukweni haikuwa taabu. Bibi yako alipofariki, baba yako akamleta babu hapa Tunduma. Baba yako mwenyewe alikuwa dereva wa malori, leo yuko Ndola, kesho anangoja foleni mpakani, wiki mbili hajaonekana. Kwa hiyo nyumbani tukabaki mimi, wewe na mzee ambaye sikuruhusiwa kumtazama.

Tulimpa chumba cha mbele chenye mlango wake. Choo kilikuwa nyuma, unakumbuka nyumba ile, na ili ufike chooni lazima upite mbele ya jiko langu. Basi babu yako akitaka kwenda chooni anasimama kwenye kona ya nyumba anakohoa. Nikisikia kikohozi naacha chungu motoni, naingia ndani, nafunga mlango. Anapita. Akirudi anakohoa tena, nangoja mpaka mlango wake ulie. Ndipo natoka.

Jirani yetu Mama Zuhura, yule wa Tabora aliyekuwa anauza vitenge Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akitucheka mpaka machozi yanamtoka. Siku moja alinikuta nimejificha nyuma ya mlango na mwiko mkononi.

"Mayo we!" akasema, maana neno hilo alilipata kwa wateja wake wa Zambia, kila kitu ni mayo. "Huyo ni mkwe au ni simba ametoroka?"

"Mila, dada. Usinicheke."

"Sicheki mila. Nacheka ugali, unaungua huo."

Wewe na babu mlikuwa na yenu. Kwao babu na mjukuu wanataniana, na yeye alikuwa akikuita mke wake. Nilikuwa nawasikiliza kutoka jikoni.

"Mke wangu, leo umenipikia nini?"

"Mimi sipiki, nina shule."

"Basi nakurudisha kwenu."

"Nirudishe! Nani ataolewa na wewe, huna meno!"

Anacheka mpaka anakohoa, na mimi kule jikoni nadhani anataka kupita, nakimbilia ndani. Ilitokea mara nyingi. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Sasa kosa la kwanza. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo na vumbi, nilikuwa nimeinjika maharage na napika ugali wa wageni wa baba yako. Babu yako akakohoa. Nikaingia ndani. Akapita, akarudi. Nimetoka tu, sijakoroga hata mara mbili, akakohoa tena. Wazee mkojo hauwapi nafasi, leo nalijua. Siku ile nilitupa mwiko na nikasonya. Nilisonya kwa nguvu, Atu, ule msonyo wa kumsonya mtu. Halafu nikasikia miguu yake ikirudi chumbani. Hakupita.

Tangu siku ile babu yako alipunguza kunywa. Ulikuwa unarudi na kikombe nusu, unasema, "Babu anasema ametosheka." Chai anakunywa funda mbili. "Babu anasema hana kiu." Mimi nilielewa anachokifanya. Mwanamke yeyote angeelewa. Alikuwa anajizuia ili asinisumbue jikoni. Na nilifanya nini? Nilifurahi kwamba naweza kumaliza kupika.

Kosa la pili likafuata hilo. Kwa kujizuia kwenda chooni, akaanza kulowesha kitanda. Kwake ile ilikuwa aibu kuliko kufa, maana anayefua blanketi ni mke wa mwanawe. Wewe ulikuwa unazitoa nje umezikunja, mimi nafua bila kusema. Na maji ya Tunduma unayajua. Siku zile tulikuwa tunanunua kwa madumu ya mikokoteni, na kuna siku mkokoteni haupiti kabisa. Nikakuita nikakuambia, "Babu usimpe maji baada ya saa kumi jioni." Ukaniuliza kwa nini. Nikasema, "Ili alale vizuri." Baadaye nikakuambia na mchana umpe nusu kikombe. Nilijiambia namfichia aibu yake. Kuna ukweli kidogo katika hilo, na ndio uliokuwa ukinisaidia kulala. Lakini nilikuwa pia nimechoka kufua.

Dalili nilizipata zote, kupitia kwako. Ulisema, "Mama, babu ananiita Sekela," jina la dada yake aliyekufa zamani. Ulisema, "Mama, babu akiinuka anashika ukuta." Siku nyingine ulikuja umekodoa macho. Mlikuwa mkicheza, umelaza sikio kifuani kwake. "Mama, moyo wa babu unakimbia, halafu unasimama kidogo, halafu unakimbia tena." Nikakuambia wazee ndivyo walivyo. Ulirudi kwake ukaenda kumsikiliza tena.

Ikafika Oktoba, lile jua la kabla ya mvua. Wadogo zake wawili wakatuma ujumbe kutoka Ileje kwamba Jumamosi watakuja kumsalimu kaka yao. Baba yako alikuwa safarini. Mwanangu, nilifagia mpaka barabarani. Nilitaka watu wale warudi kwao wakaseme, huyu mwanamke wa Kinyiha anamtunza mzee kuliko watoto wetu. Nilikuwa naisikia sentensi hiyo kabisa kichwani. Na niliogopa jambo moja tu: mzee asije akajikojolea mbele ya wadogo zake, juu ya kiti, nyumbani kwangu.

Asubuhi ile nilikuita jikoni. Nilikuambia, "Leo babu usimpe chai wala maji mpaka wageni waondoke. Akiomba mwambie yanachemka."

Wewe ulitii. Babu alivaa koti lake jeusi, lile la sufu, akakaa kwenye kiti anangoja. Wageni walisema saa nne. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita, gari lao lilikuwa limeharibika njiani. Bati la chumba kile halikuwa na dari. Ukaja jikoni.

"Mama, babu anaomba maji."

"Si nimekuambia? Yanachemka."

Ukaenda. Ukarudi tena.

"Mama, anasema hata kidogo tu."

"Yanachemka, Atu."

Ukatazama mafiga. "Lakini mama, hakuna moto."

"Usinijibu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Hukusahau, hukucheza, hukuwa mvivu. Uliomba mara mbili kwa niaba yake na mimi nilikufokea. Kama kumbukumbu yako imeongeza mengine juu ya hayo, yafute. Mimi nilikuwepo, nilikuwa mtu mzima, na nakumbuka kila neno. Na mtu aliyekuwa akisema kila siku hana kiu, siku ile aliomba mara mbili.

Saa nane wageni wakabisha hodi. Nikamsikia babu yako anasema kwa furaha, "Karibuni, karibuni, jamani," kiti kikalia, maana aliinuka kwa haraka kuwapokea. Halafu nikasikia ameanguka.

Nilikimbia nikaingia chumbani kwake. Sikuwaza mila. Nilimwinua kichwa nikakiweka mapajani mwangu, na ndipo nilipomtazama usoni mara ya kwanza. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na sikujua kwamba alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Baba yako amefanana naye mdomo. Midomo ilikuwa imepasuka na imegandana. Nilichovya vidole kwenye kikombe cha maji nilicholetewa nikamdondoshea, yakawa yanatoka pembeni. Nikaweka kiganja kifuani kwake na nikausikia ule moyo ulionieleza, unakimbia, unasimama, unakimbia. Alifumbua macho akaniona. Alijua ni mimi. Akafanya kitu ambacho mpaka leo kinanitoa machozi: akageuza uso pembeni, kwa heshima, ili nisione aibu.

Walimpakia kwenye pikapu kwenda hospitali. Hakufika.

Tulimzika kwao Ileje. Siku ya tatu ya msiba, wanawake tumekaa ndani, shangazi yako akauliza, "Baba zangu wadogo wanasema mdomo wa baba ulikuwa umekauka kama gunzi. Nani alikuwa anampa maji?" Wote wakanitazama mimi, yule wa kuja. Na wewe ulikuwa umeegemea bega langu.

Nikasema, "Mtoto ndiye aliyekuwa akimpelekea. Labda alisahau siku hiyo. Si mnajua watoto."

Uliinua kichwa ukanitazama. Nilingoja useme, "Si ulinikataza?" Hukusema. Ukainamisha kichwa kama mtu aliyekubali. Shangazi akakushika kichwa akasema, "Usilie, hukujua." Hapo ndipo ulipoanza kulia, na ndipo jambo lilipokwisha kwa watu wote isipokuwa sisi wawili. Mimi nilidhani ni mtoto, atasahau. Ukweli ni kwamba nilikuchagua wewe kwa sababu humo ndani ni wewe peke yako usiyeweza kunibishia.

Baada ya hapo ukawa mtoto wa kupeleka maji. Mgeni hajakaa, una kikombe. Fundi yuko juu ya paa, uko chini na jagi. Watu walinisifu: umemlea binti. Nilipokea zile sifa, Atu. Nilisema asante.

Miaka minne iliyopita nilipoanza matatizo ya presha, nilikutana kliniki na tabibu mmoja kijana, mtu wa subira, hakunidharau kwa elimu yangu ndogo. Nilimwuliza habari ya mzee mmoja, nikasema ni jirani. Nikamweleza yote: kikombe nusu, joto, moyo kukimbia na kusimama, kuinuka na kuanguka. Akachukua kadi yangu akachora nyuma yake. Nitaandika nilivyoelewa. Huko chuoni utafundishwa vizuri zaidi, unisahihishe.

Alisema mishipa ya damu si mabomba tu. Kwa ndani ina ngozi nyembamba iliyo hai, na ngozi hiyo inatengeneza gesi, kidogo mno, haionekani. Nilimwomba anitajie polepole nikaiandika: naitriki oksaidi. Gesi hiyo inaiambia misuli ya mshipa ilegee ili damu ipite bila kugombana. Na moyo wenyewe unaitumia, katika kujua upige kwa nguvu kiasi gani na upumzike vipi kati ya pigo na pigo. Mtu akizeeka, ngozi ile inachoka. Gesi inapungua, mishipa inakuwa migumu, moyo unafanya kazi kubwa kwa jambo lile lile.

"Sasa mama," akasema, "mtu huyo mnyime maji. Damu yake inapungua. Mwili unabana mishipa ili presha isianguke, na moyo unakwenda mbio. Mimi na wewe tungevumilia siku nzima, kwa sababu kwetu kubana na kulegeza bado vinasikilizana. Kwa mzee vilishaacha kusikilizana, na kukosa maji kunavivuruga zaidi. Moyo hauna akiba. Akiinuka ghafla, ndiyo hivyo ulivyoniambia."

"Lakini alikuwa anasema hana kiu."

"Kiu nayo inazeeka, mama. Ikifika mzee kusema ana kiu, ameshakauka."

Nikamwuliza kama hicho ndicho kilichomwua. Akafikiri. Akasema inawezekana sana, lakini hawezi kuapa kwa mtu ambaye hakumpima, pengine moyo ulikuwa na ugonjwa wake tangu zamani. Nilikuwa nataka aseme ndiyo nipasuke, au aseme hapana nipone. Hakunipa lolote kati ya hayo. Halafu akaniuliza, "Huyo mzee alikuwa nani wako?" Nikarudia kwamba ni jirani.

Kwa hiyo mimi sijui kama nilimwua babu yako. Nitakufa sijui. Nimemwomba Mungu msamaha siku nyingi na naamini husikia. Ila nilikuwa namwomba yeye asiyeniuliza maswali, na kumkwepa mtoto anayelala chumba cha pili. Hiyo sala ilikuwa na kasoro, nami nilijua.

Utanisoma useme basi mama analaumu mila. Hapana. Wapo wanawake wa Kindali waliowaogopa wakwe zao kama mimi, na wazee wao walikunywa, kwa sababu mwanamke aliwachimbia choo upande wao, au alitafuta mjomba wa kumhudumia, au alimtuma mtoto na jagi zima. Njia zilikuwepo. Hata Mama Zuhura alishaniambia, "Mweke ndoo na kikombe chumbani mwake, ajichotee." Nikaona huyu wa Tabora atanifundisha nini. Nilikuwa nasikiliza kikohozi cha babu yako siku nzima, na sikumsikia yeye hata mara moja.

Nitakuambia mawili tu ya kazi yako, halafu nimalize. Mzee akikuambia hana kiu, usimsifu kwa kutosumbua. Muulize choo kiko wapi, na nani anamsindikiza. Na siku utakapokosea wodini, maana wewe ni binadamu na utakosea, usizungushe macho kumtafuta aliye mdogo kuliko wote. Nimejaribu njia hiyo. Inatuliza chumba kwa siku moja.

Mchana huu nimemwambia baba yako. Sikutaka uondoke mimi nikiwa nimekuandikia wewe peke yako, ikawa siri nyingine. Alikuwa anafunga sanduku lako kwa kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kamba mkononi. Akaniuliza jambo moja tu: "Aliomba mara ngapi?"

Nikasema, "Mara mbili."

Akamaliza kufunga fundo, akatoka. Mpaka sasa hajarudi. Kama asubuhi pale stendi uliona hatuzungumzi, ndiyo sababu, usidhani ni wewe. Sijui kama atanisamehe. Jumamosi nakwenda Ileje, akinisindikiza au asiponisindikiza. Nitawakusanya shangazi yako na wanawake waliokuwepo siku ile ndani, wale walio hai, na nitawaambia kwamba mtoto hakusahau, mtoto alikatazwa, na aliyemkataza ni mimi. Naogopa, Atu. Naogopa kuliko nilivyomwogopa babu yako. Lakini jina lako lilichafuliwa katika chumba kile na lazima lisafishwe katika chumba kile.

Sikuombi unisamehe sasa. Msamaha wa haraka ungeutoa kwa sababu ya tabia yako, ya kumpelekea kila mtu kikombe kabla hajaomba, na huo siutaki. Kasirika kwanza. Ulikuwa na haki ya kukasirika tangu una miaka tisa. Ninachokuomba ni usipige tena magoti kuomba radhi kwa kosa hilo. Kama uliamua kusoma uuguzi ili ulipe deni, fahamu kwamba hukuwa na deni. Ukitaka kuendelea, endelea kwa sababu unaipenda. Ukitaka kurudi ukasome ushonaji, nitakupokea stendi.

Nakuomba unijibu mapema, mwanangu. Kwa barua, si kwa simu, maana kwenye simu utanihurumia sauti. Hata mstari mmoja, hata kama ni wa hasira. Niandikie tu kwamba umeisoma, na kwamba umeelewa si wewe.

Nangoja,

Mama yako